Newton, Massachusetts kwa mwenye siku moja tu: ufuate stesheni za zamani au ufuate njia ya tramu?

Wageni wengi wakija kwangu Waltham wanataka Boston mjini, wapige picha na maghorofa warudi. Shemeji yangu hakutaka hivyo. Yeye ni mtu wa Tanga, kakulia pembeni ya reli na kafanya kazi karakana mpaka kustaafu, na siku yake moja ya mwisho kabla ya kusafiri akaniambia shem nipeleke mahali nikaone reli ilivyojenga mji. Nikamwambia hapo ni Newton tu, tukivuka mto tumeshafika. Kazi ikawa kuchagua, maana Newton ina historia mbili, kuna ya stesheni za treni kubwa na kuna ya tramu za umeme zilizokuwa zinapita barabarani, na ukitaka kuzimaliza zote kwa siku moja utaishia kukimbizana na saa. Tangu siku ile nimepeleka watu kadhaa, wengine njia hii wengine ile, kwa hiyo naandika kwa yeyote anayekuja pande hizi, au anayeishi huku na anapita hapo kila siku kwenda kazini bila kujua anakanyaga nini.

Kwanza mji wenyewe. Newton iko magharibi ya Boston kama kilometa 11, sensa ya 2020 iliwahesabu watu karibu 89,000, na ukiuliza katikati ya mji ni wapi kila mtu atakutajia kwake, maana mji ni vijiji 13 vilivyoshikana, kila kimoja na maduka yake na jina lake: Newton Corner, Newtonville, West Newton, Auburndale, Waban, Newton Centre na kuendelea. Sasa chukua ramani uangalie. Vijiji vingi vimekaa juu ya mistari miwili ya reli kama shanga kwenye uzi, mmoja unapita kaskazini na mwingine unazungukia kusini. Reli ilitangulia, nyumba zikafuata.

Tuanze na stesheni, maana ndo wakubwa.

Boston and Worcester Railroad ilipata kibali 1831, na Aprili 1834 treni za abiria zikaanza kutoka Boston mpaka West Newton, mwaka uliofuata zikafika Worcester kwenyewe. Shemeji alisimama pale akahesabu kwa vidole, Tanga reli ilianza kutandikwa 1893, yaani hawa walikuwa wamewatangulia Wajerumani wa kule kwetu kwa karibu miaka 60. Enzi hizo West Newton ilikuwa mashamba. Treni ilipozoeleka watu wa Boston wenye hela wakagundua wanaweza kulala kwenye hewa safi, asubuhi wakapanda treni wakaenda ofisini mjini, jioni wakarudi, na kampuni ikaanza kuwauzia tiketi za msimu kwa bei ya punguzo. Hayo maisha ya kuishi mbali na kazi ambayo sasa tunayaona ya kawaida kabisa, Dar mtu anatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, hapa ni moja ya sehemu yalikoanzia mapema sana.

Na kuna mtu hapa lazima nimtaje kwa sababu kila nikifika nyumbani kwake nasimama. William Jackson, mfanyabiashara wa mishumaa na sabuni, aliwahi kuwa mbunge kule Washington, ni mmoja wa watu wa kwanza New England waliozunguka wakihubiri habari ya reli wakati wengi wanaiona ndoto. Nyumba ya familia yake ya 1809 ipo mpaka leo barabara ya Washington Street, ni makumbusho ya mji, wanaiita Jackson Homestead. Sasa mzee huyu alikuwa anapinga utumwa, na nyumba yake ilikuwa kituo cha Underground Railroad, ile njia ya siri ya kuwatorosha watumwa kutoka kusini kwenda kaskazini mpaka Kanada. Hiyo haikuwa na reli wala injini, ilikuwa na watu tu wanaofungua mlango usiku, ila waliazima maneno ya reli, nyumba ya kujificha wakaiita stesheni, anayekuongoza wakamuita konda. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa na stesheni za aina mbili. Mi kama Mwafrika ninayeishi hapa, hiyo ya pili ndo inanishika koo, na nakuomba hata ukichagua njia ya tramu usiikose hii nyumba, ila angalia kwanza siku wanazofungua.

Turudi kwenye chuma. 1867 kampuni ikaungana na nyingine ikawa Boston and Albany, ikanenepa, na miaka ya 1880 ikaamua stesheni zake ziwe za kupendeza. Wakamchukua H. H. Richardson, yule aliyechora kanisa la Trinity pale Copley Square, msanifu aliyekuwa na jina kuliko karibu wote Marekani wakati huo, wakamwambia tuchoree stesheni za vijijini. Fikiria hilo kidogo. Akachora Auburndale 1881, zikafuata Chestnut Hill, Eliot, Waban na Woodland, zote ndani ya Newton. Hakuchora majengo ya kujionyesha. Kuta ni za mawe mazito yasiyosawazishwa, na juu paa kubwa limeshuka chini mpaka pembeni kama kuku aliyefunika vifaranga, ili mtu akisubiri treni kwenye mvua au theluji asilowe. Bustani kuzunguka baadhi ya stesheni hizo alihusika Frederick Law Olmsted, huyo huyo wa Central Park ya New York. Richardson akafa 1886, vijana wa ofisi yake, Shepley, Rutan na Coolidge, wakaendeleza kazi kwa mtindo ule ule, ndo walijenga Newton Highlands na Newton Centre.

Hapa sasa ndo pana uchungu. Ya Auburndale haipo. Ya Chestnut Hill, ambayo kwenye picha za zamani ina tao zuri kweli, haipo. Eliot haipo, Waban haipo, zilibomolewa na paking za magari zikachukua nafasi. Kati ya tano alizochora mwenyewe ndani ya mji huu imebaki moja tu, Woodland, nayo iko ndani ya eneo la klabu ya gofu, imetumika kama stoo, unaiangalia kwa nje karibu na kituo cha sasa. Newton Centre na Newton Highlands zimesimama, zimeingizwa pamoja na Woodland kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria tangu 1976, na zimekuwa zikikodishwa kwa biashara. Shemeji alipoliona paa la Newton Centre alinyamaza muda mrefu alafu akashika jiwe la ukutani kwa kiganja, akasema hili jiwe halikuwekwa na mtu mwenye haraka.

Mstari wa kaskazini uliumizwa zaidi na haiwei ya kulipia, Massachusetts Turnpike, ilipoongezwa kuingia Boston katikati ya miaka ya 1960. Reli pale ilikuwa na njia nne sambamba, zikabaki mbili, nafasi ya nyingine ikaenda kwa magari, na majengo ya stesheni njiani yakaondoka. Newton Corner treni ziliacha kusimama kabisa 1959, na leo ukienda utakuta mzunguko wa magari na hoteli imejengwa juu ya haiwei. Newtonville kuna supamaketi imekaa juu ya haiwei hivyo hivyo. Treni bado zinasimama Newtonville, West Newton na Auburndale, ila "stesheni" maana yake sasa ni jukwaa upande mmoja tu, kelele za malori pembeni, na pale Newtonville na West Newton unashuka ngazi kutoka darajani. Wakati naandika mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kupanda treni kwenye kituo chochote kati ya hivyo vitatu. Kazi yangu mimi ni kuhudumia wazee, na huwa najiuliza mji uliokuwa na stesheni zenye mahali pa moto pa kuotea baridi umefikaje kwenye jukwaa ambalo bibi wa miaka 80 halifikii. Kuna mipango ya kuvijenga upya na naomba nione.

Kwa upande wa tramu stori inaanza baadaye na inakwenda mbio.

Tramu za umeme zilifika miaka ya 1890. Boston wenyewe walianza kuziendesha kwa waya 1889, na 1897 wakachimba njia ya chini Tremont Street, ya kwanza Marekani nzima. Newton ikafanya jambo la akili sana, ikajenga Commonwealth Avenue, barabara pana inayopinda pinda ikikatiza mji mzima kutoka mpaka wa Boston hadi Auburndale, kama kilometa 8, na katikati yake wakaacha ukanda wa majani na miti kwa ajili ya tramu. Yaani barabara na tramu vilizaliwa pamoja. Tramu zikaanza kupita 1896. Na wenye viwanja pembeni wakauza vizuri, kwa sababu hiyo ndo ilikuwa biashara yenyewe, unapeleka tramu porini alafu pori linakuwa mtaa.

Shida ya kampuni ikawa wikiendi, siku za kazi abiria wapo, Jumapili je? Wakajenga Norumbega Park mwisho wa njia, kando ya mto Charles, ikafunguliwa Juni 1897. Mitumbwi ya kukodi, wanyama, jukwaa la maonyesho, muziki. Mfanyakazi wa Boston anachukua familia yake, analipa nauli ya senti kidogo, anapepewa njia nzima kwenye behewa la wazi, anashinda mtoni, jioni anarudi. 1930 wakaongeza ukumbi wa dansi uliokuja kupata jina kubwa, Totem Pole, bendi kubwa za Marekani zimepiga pale. Na mwaka huo huo wa 1930 tramu za Commonwealth Avenue zikaondolewa yakaja mabasi, kwa hiyo mtoto akamzidi mama umri, bustani ikaendelea mpaka 1963 ndo ikafungwa. Leo pale kuna hoteli, na kipande cha ardhi kimeachwa kama hifadhi ya mji, unaweza kutembea mpaka majini ukakuta bata tu na utulivu.

Kuna kitu kuhusu ukanda huo wa katikati ambacho wengi wetu tumeshakiona kwenye televisheni bila kujua. Boston Marathon inapita Commonwealth Avenue ya Newton, vile vilima ambavyo vinawamaliza watu, cha mwisho ndo Heartbreak Hill karibu na Boston College. 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya na Juma Ikangaa wa Tanzania walipita hapo, wakaenda kumaliza wamepishana sekunde moja tu, Hussein 2:08:43 na Ikangaa 2:08:44, na Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizo. Ikangaa akamaliza wa pili tena 1989 na 1990. Walipanda vilima vile pembeni ya ukanda wa majani ambao ulikuwa njia ya tramu. Nilipomwambia shemeji hilo akataka tushuke kwenye gari tupande Heartbreak Hill kwa miguu, na tukapanda, taratibu, na pale karibu na ofisi za mji kuna sanamu ya Johnny Kelley, mkimbiaji wa zamani aliyeshinda 1935 na 1945, kachongwa mara mbili, kijana na mzee wameshikana mikono wanakimbia.

Tramu nyingine iliyopotea ni ile iliyokuwa inatoka Boston kupita Newton Corner kwenda Watertown. Kama umewahi kupanda Green Line, tramu za leo za Boston, ukajiuliza mbona kuna matawi ya B, C, D na E lakini A hakuna, jibu ni hilo. Herufi ziligawiwa 1967, A ikapewa njia ya Watertown, na Juni 1969 huduma ikasimamishwa, basi namba 57 likachukua nafasi. Na wale wa Waltham wenzangu, mabasi ya 553 na 554 tunayopanda, hayo ni urithi wa kampuni ya zamani ya tramu, Middlesex and Boston, iliyobadilisha tramu ikawa mabasi, na MBTA, shirika la usafiri wa umma la Boston, wakaichukua 1972. Konda hayupo, waya haupo, ila safari ni wajukuu wa zile zile.

Sasa kulinganisha.

Kwa macho, stesheni zinashinda. Tramu ikiondoka haiachi kitu, wanang'oa vyuma, wanamwaga lami au wanapanda majani, na usipoambiwa hujui. Stesheni moja ya mawe inakueleza yenyewe bila mtu kukusimulia. Ila hapo hapo stesheni zinakuchosha moyo, kwa sababu nusu ya safari unaonyeshwa paking unaambiwa hapa palikuwa na kitu. Mwenye mawazo ya kujenga upya kichwani atafurahi, mtoto wa miaka tisa hatakuelewa.

Kwa mwili, tramu ni rahisi zaidi ukichukua D, na ni ngumu zaidi ukitaka Commonwealth Avenue yote, maana hiyo ni kutembea au baiskeli. Kuna njia ndogo ya pembeni ya barabara, ya magari ya farasi zamani, sasa watu wanakimbilia na kuendeshea baiskeli, magari ni machache, ndo nzuri kwa familia. Ukianzia mwisho wa B pale Boston College ukaelekea magharibi vilima vinakusumbua nusu ya mwanzo, baadaye unateremka kwenda mtoni.

Nauli ni tofauti sana. Treni kubwa ya kwenda Newtonville ni dola 6.50, West Newton na Auburndale ni 7 kwa safari moja, na ukiikosa unaweza kukaa muda mrefu kusubiri inayofuata. Green Line ni dola 2.40 popote unaposhuka, na haukai sana. Kwa hiyo mtu akitaka kushuka shuka njiani, treni kubwa itamla hela na muda. Kwa nyumba ya Jackson na upande wote wa kaskazini mi nashauri basi au gari.

Kwa mzee au mwenye magurudumu: Riverside, Woodland na Newton Centre kwenye D panapandika bila ngazi. Kaskazini nimeshasema.

Kwa stori, hapo nabishana na shemeji mpaka leo kwenye simu. Yeye anasema historia ni stesheni, kwa sababu stesheni ndo ilileta mji. Mi nasema tramu, kwa sababu treni ilileta matajiri, wenye uwezo wa tiketi ya msimu, tramu ndo ilileta mafundi, wauguzi, wapishi, watu wa kazi. Uwezo wa kufika kwa senti chache ulifungua mji kwa watu wengine kabisa. Mi mwenyewe naingia Newton kila asubuhi kwa nauli ndogo kwenda kumwogesha mzee wa mtu, najiona niko kwenye mstari ule ule.

Ila kuna njia ya tatu, na kusema kweli ndo ninayompa kila mtu mwenye siku moja na ubishi unaisha, kwa sababu kuna mahali stesheni na tramu ni kitu kimoja. Ni huo mstari wa kusini, D yenyewe.

Ulianza kama reli ya mvuke. Kipande cha kwanza mpaka Brookline 1848, 1852 kikasogea mpaka Newton Upper Falls, na miaka michache baadaye kikawa kinabeba changarawe kutoka Needham, treni kwa treni, kwenda kujaza maji ya Back Bay ya Boston. Ule mtaa wa kifahari wa Boston wenye nyumba za matofali umekaa juu ya mchanga uliopita Newton kwa reli. Kipande cha zamani cha Upper Falls sasa mataruma yametolewa, ni njia ya kutembea kwa miguu, Upper Falls Greenway, nenda kama una saa moja ya ziada. Boston and Albany wakaununua mstari 1883, 1886 wakaunganisha Newton Highlands na Riverside, treni zikawa zinazunguka mji, zinaingia kaskazini zinatokea kusini, na hizo ndo stesheni za Richardson za Chestnut Hill, Eliot, Waban na Woodland zilikojengwa. Miaka ya 1950 abiria wakapungua, magari yakashika. Mei 31, 1958 treni ya mwisho ikapita. Sehemu nyingi hadithi ingeishia hapo, wangetandika lami. Hawa wakatundika waya wa umeme, wakachukua tramu za kawaida za Boston, zile za mviringo za PCC, wakaziweka kwenye njia ya treni, na Julai 4, 1959, miezi kumi na tatu tu baadaye, zikaanza kubeba watu mpaka Riverside. Watu wakajaa kuliko ilivyotegemewa. Miji mingine ya Marekani ilikuja kufanya mambo ya namna hiyo miaka mingi baadaye, wakati huo karibu kila mahali walikuwa wanafukia tramu zao.

Kwa hiyo ukipanda D uko ndani ya tramu, juu ya njia ya treni ya mvuke, unasimama mbele ya stesheni ya mawe. Vyote viwili kwa dola 2.40.

Ningekupangia hivi, mi napenda mwezi wa kumi miti ikiwa imegeuka rangi ila hata mwezi wa tano ni sawa. Panda D Park Street upande wa mbele kabisa kama una watoto, ikitoka chini ya ardhi baada ya Kenmore, kabla tu ya kufika Fenway, utaona inaingia kwenye njia yake yenyewe kati ya miti, hapo ndo reli ya zamani. Chestnut Hill usishuke, angalia tu dirishani ile paking ujue nini kilikuwepo. Shuka Newton Centre, zunguka jengo lote, usiangalie mbele tu, tazama mbao zinazobeba paa kwa chini. Chakula kipo cha kila aina hapo. Ukipenda kutembea fuata Centre Street kama robo saa kwenda kaskazini utaikuta Commonwealth Avenue, simama kwenye ukanda wa majani, nenda mpaka kwenye sanamu ya Kelley, rudi. Panda tena, kati ya Newton Centre na Newton Highlands tramu inapita kando ya ziwa dogo, Crystal Lake, kaa upande wa maji. Angalia jengo la Highlands. Alafu Woodland kwa ajili ya lile la Richardson, hata kama unaliona kwa mbali, na malizia Riverside. Kutoka Riverside mpaka Norumbega ni mwendo wa miguu usiofika nusu saa, nenda kama bado kuna mwanga.

Nani asichague hii? Mtu wa injini. Kama unataka kuona mabehewa ya zamani yenyewe, D ya leo ni vyombo vya kisasa, hutapata kitu. Huyo nampeleka upande mwingine wa Boston, njia ya Mattapan, ambako tramu za PCC za miaka ya 1940 bado zinabeba abiria wa kawaida na mifuko yao ya soko. Au kama ana gari na siku nzima, makumbusho ya tramu ya Seashore kule Kennebunkport, Maine, iliyoanza 1939, ina mabehewa mengi ya Boston. Na mwanafunzi wa usanifu naye asije na D peke yake, achukue gari aone na stesheni za Richardson nje ya Newton, ya Framingham ipo na ni kubwa.

Na kwa wale wanaoniuliza si utalii bali pa kupanga chumba, maana nao wapo: ukifanya kazi za zamu, kaa karibu na D au karibu na basi linalokufikisha kwenye D, usidanganywe na tangazo la "karibu na treni" la West Newton bila kuangalia ratiba ya usiku na ya Jumapili kwanza. Kodi za Newton ni kali, ndo maana wengi tunalala Waltham, tumechanganyika na Waganda, tunavuka mto asubuhi.

Shemeji siku ile tulimaliza Norumbega jua linazama. Nilidhani ataulizia bustani ilikuwaje. Akauliza tramu ya mwisho kurudi Boston ilikuwa saa ngapi enzi hizo, na waliokuwa wanaiendesha walilala wapi.